Redio ya Mji Mdogo na Lugha ya Nyumbani

Wasikilizaji wengi wa redio katika Afrika Mashariki wanaufahamu muziki wa kantri kupitia sauti laini ya Jim Reeves, iliyorekodiwa katika studio za Nashville. Safari hii tungependa kuhakiki kantri ya aina nyingine, ile ya WPAQ, kituo cha redio cha Mount Airy, mji wenye watu wapatao 10,000 katika jimbo la North Carolina, Marekani.

Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1948 na Ralph Epperson, aliyefariki mwaka 2006. Eneo lake lilikuwa la wakulima wa tumbaku, wafanyakazi wa viwanda vya nguo na wachonga mawe. Tangu mwaka huo wa kwanza, kipindi chake cha Jumamosi, Merry-Go-Round, kimewapa wanamuziki wa eneo hilo nafasi ya kupiga fidla, banjo na gitaa moja kwa moja hewani.

Mara nyingi kituo hiki husifiwa kwa kuhifadhi asili. Kwa maoni yetu, sifa hiyo haitoshi. Kwanza, asili yenyewe si moja. Fidla ilitoka Ulaya, lakini banjo ilitokana na ala za Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani. Kampuni za santuri za miaka ya 1920 ndizo zilizotenga muziki wa weusi na wa weupe katika orodha mbili za mauzo. Pili, kituo kinachojifunga katika muziki wa aina chache kina hatari ya kuzeeka pamoja na wasikilizaji wake. Kinachokiokoa ni maikrofoni iliyo wazi kwa mpigaji wa leo.

Kwa mwalimu wa lugha, hoja kubwa iko katika mazungumzo. Kiingereza cha milima ya Appalachia kimedhihakiwa kwa miaka mingi katika filamu na televisheni, na shuleni kimesahihishwa kama kosa tupu. Mtu wa huko anapozungumza redioni kwa matamshi ya nyumbani, majirani zake husikia kwamba lugha yao inafaa kutumiwa hadharani.

Hapo ndipo suala hili linapotugusa. Kiswahili cha Kampala, Bujumbura na Lubumbashi huchekwa na wasemaji wa kwingineko, na wakati mwingine na sisi walimu wenyewe. Matokeo yake ni mwanafunzi anayejua mengi lakini hafungui kinywa darasani. Hatusemi Kiswahili sanifu kiachwe, kwani mtihani na taarifa ya habari vinakihitaji. Tunachosema ni kwamba usanifu usifundishwe kwa kumwaibisha msemaji.

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi moja. Wanafunzi warekodi dakika 10 za kipindi cha salamu au matangazo ya vifo katika redio ya eneo lao, kisha waandike yaliyosemwa neno kwa neno, bila kusahihisha. Baadaye wajadili: msemaji amechagua maneno hayo kwa ajili ya nani, na yangepoteza nini yakisanifishwa? Tutafurahi kupokea kazi zenu kwa ajili ya toleo lijalo.