"Nimekumisi" na hamu ya mama

Waungwana, naomba kutofautiana na wanaodai Kiswahili hakina neno la "miss". Kiingereza ndicho kilichobana mambo mawili katika kitenzi kimoja: asili yake ni kukosa shabaha, na maana ya kumhuzunikia asiyekuwepo ikaja baadaye. Sisi tunatenganisha. Treni nimeikosa, lakini mama nina hamu ya kumwona.

Mimi mwenyewe miaka yote hii huku ughaibuni nikimwandikia "nimekumisi mama", roho ikatulia. Siku moja akanijibu kwa simu: "Na mimi nina hamu nawe, mwanangu. Waja lini?" Jamani, "nimekumisi" huweza kuishia kwenye salamu. Hamu haiishi mpaka muonane. Swali lake sijalijibu bado.

Mwasemaje wenzangu?

Wasalaam.