Mwani wa Kijani na Jicho la Fundi

Kwa mtambuzi wa mwani, rangi ni shahidi wa kusikilizwa kwa tahadhari. Cottonii, mwani unaolimwa Zanzibar, huweza kuwa kijani kibichi, ilhali kwa ukoo ni mwani mwekundu. Ndiyo maana fundi wa kazi hii haishii kwenye rangi. Hushika, hugeuza, hupasua, hutazama tena. Kwangu mimi, fani hii inastahili heshima ileile tunayompa seremala hodari.

Chukua Caulerpa, mwani wa kijani anayepatikana kwenye mabwawa yanayobaki miambani maji yakipwa. Ukimng'oa, utadhani umeshika mmea wa bustani: shina linalotambaa, nyuzi zinazong'ang'ania mchanga, majani yaliyosimama wima. Lakini kata shina kwa wembe ulitazame kwa darubini. Huoni kuta za kugawa seli na seli. Mwani mzima, hata ukizidi urefu wa mita moja, ni seli moja tu yenye viini visivyohesabika. Ndani mna nyuzi nyembamba zilizotoka ukuta huu hadi ule, na hizo Bryopsis, mwani mwingine wa kijani mwenye majani kama yake, hana.

Jenasi ikishajulikana, ndipo kazi inapokuwa tamu. Caulerpa sertularioides na Caulerpa taxifolia wote wana majani ya umbo la unyoya, na wote wapo Tanzania. Tazama vijani vya pembeni. Vya sertularioides ni vya mviringo, vyembamba, vyenye ncha kali. Vya taxifolia ni bapa, vimebanwa kidogo pale vinapoungana na uti wa kati, na vimepinda kuelekea juu. Visugue polepole kati ya kidole gumba na cha shahada: cha mviringo kitabingirika, cha bapa kitalala.

Caulerpa racemosa, mwenye vidonge vilivyoshonana kwenye kichala, ana mtihani mwingine. Mtaalamu wa viumbe Pehr Forsskål alimkusanya Bahari ya Shamu, akafariki Yemen mwaka 1763, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1775. Mtihani wenyewe ni kwamba mwani huyu hubadilika umbo kufuatana na mwanga, hata vipande viwili vya spishi moja vikaonekana kama vya spishi mbili. Basi fundi wa kweli haokoti kipande kimoja akakimbilia jina. Hulitazama fungu zima, akaandika kina cha maji, nguvu ya mkondo, na kama ni mwambani au mchangani.

Umakini huo una thamani kubwa. Mwaka 1984 taxifolia alionekana baharini chini ya Makumbusho ya Bahari ya Monaco, akaachwa, akaenea Mediterania. Mwaka 2000, wapiga mbizi waliokuwa wakikagua nyasi bahari katika wangwa wa Agua Hedionda, California, waliona majani ya kigeni, ya taxifolia, wakatoa taarifa. Yalifunikwa kwa maturubali, yakatiwa klorini, na mwaka 2006 ikatangazwa kuwa yametokomezwa.

Walimu wa baiolojia wa Tanga, Kilifi, Pemba na Mtwara, bamvua likija watoeni wanafunzi darasani. Wapeni lenzi ya mkononi na sahani nyeupe yenye maji ya bahari, waanze na vijani vya pembeni.