Jino Moja la Mkanda: Distribyuta Haitibu Taimingi

Malalamiko haya mafundi wameyazoea. Gari imetoka kubadilishwa mkanda wa taimingi, inawaka, inatembea, lakini ikikutana na mlima haivuti, na ikisimama kwenye foleni inatetemeka. Fundi analegeza boliti za distribyuta, anaizungusha kidogo, mtetemo unapungua na mteja anaondoka. Kilichofanyika hapo ni kuficha kosa, na injini ya Toyota 5A-FE, iliyo kwenye Corolla AE110 nyingi za barabara zetu, inaonyesha vizuri kwa nini.

Katika injini hii mkanda unazungusha kemushafti moja, nayo inamzungusha mwenzake kwa gia zilizo ndani ya hedi. Krenki ikizunguka mara mbili, kemushafti inazunguka mara moja. Distribyuta nayo inapata mzunguko wake kwenye kemushafti. Kwa hiyo mkanda ukikaa jino moja nyuma, vitu viwili vinachelewa pamoja: valvu kufunguka na plagi kupiga cheche. Gia ya krenki ikiwa na meno 20, jino moja ni nyuzi 18 za krenki. Ukizungusha distribyuta, cheche inarudi mahali pake lakini valvu zinabaki zimechelewa vilevile.

Dalili ya kwanza inaonekana kabla ya kufungua chochote. Unganisha pini za TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, kisha mulika puli ya krenki kwa taa ya taimingi: alama inatakiwa kusoma nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Kama ili kuipata namba hiyo distribyuta imelazimika kusukumwa mpaka mwisho wa nafasi yake, uchunguze mkanda.

Kipimo cha pili ni geji ya vakyumu. Injini nzima ikiwa imewaka bila kukanyagwa mafuta husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, sindano ikiwa imetulia. Valvu zikichelewa, sindano inatulia vilevile ila chini sana. Hapa mwinuko wa mahali una neno lake, kwa kuwa kila mita 300 za kupanda hupunguza kama inchi moja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hivyo inchi 14 pale ni afya. Namba hiyohiyo ikisomeka Dar es Salaam au Mombasa, ni ugonjwa.

Kisha pima kompresheni. Valvu iliyoungua kwa kawaida huangusha silinda moja au mbili. Mkanda uliokosea huzishusha zote nne kwa kiasi kinachokaribiana, maana valvu za kuingiza hewa zinachelewa kufunga kila mahali. Fundi asiyelijua hili huishia kumuuzia mteja oveholi asiyoihitaji.

Vipimo vikikubaliana, fungua kava. Zungusha krenki kwa spana, kwa mwelekeo wake wa kawaida tu, mpaka mfuo wa puli uelekee 0. Tundu dogo la puli ya kemushafti linatakiwa kuelekeana na alama iliyo kwenye kifuniko cha beringi nyuma yake. Likiwa upande wa pili kabisa, usishtuke: ongeza mzunguko mmoja wa krenki. Likipishana kwa jino, umempata mwizi wako. Puli ya krenki yenye raba katikati nayo huweza kuteleza na kudanganya, kwa hiyo hakikisha pistoni ya kwanza iko juu kweli.

Kosa lenyewe mara nyingi huzaliwa wakati wa kufunga. Mkanda unavalishwa ukiwa umelegea upande usio na tenshena, alama zinaonekana sawa, kava linafungwa. Tenshena ikikaza, ulegevu unavutwa na kemushafti inasogea. Dawa yake ni kuhakikisha ulegevu wote uko upande wa tenshena, kuiacha springi ivute, kuzungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono, kisha kukaza boliti ya tenshena na kusoma alama upya. Mistari iliyochapwa kwenye mkanda isikutishe ikipotea baada ya kuzungusha. Alama za puli ndizo shahidi.

5A-FE ni mpole: mkanda ukikatika, pistoni na valvu hazigongani. Injini za dizeli kama 5L na 1HZ hazina huruma hiyo, na meno machache tu yanatosha kupinda valvu. Kwa hiyo, mwenye gari, kabla ya kulipa muulize fundi kama ameizungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili na kusoma alama tena. Kama hakufanya hivyo, kazi haijaisha.