Haini: riwaya ya mtu asiye na wa kumsemea

Mara ya kwanza nilisoma Haini ya Adam Shafi nikiwa chuo, kwa ajili ya mtihani. Tulitafuta dhamira: usaliti, uongozi mbaya, ukatili wa dola. Nikapata alama zangu, nikaisahau. Nimeirudia juzijuzi baada ya miaka kadhaa ya kuripoti habari za mahakamani, na nakiri kwamba pale chuoni sikuisoma kabisa.

Kwa ambao hamjaishika: ilitoka 2003, na nyuma yake kuna tukio la kweli, kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972 na kamatakamata iliyofuata Zanzibar. Shafi mwenyewe aliwekwa ndani wakati ule. Mhusika wake, Hamza, anachukuliwa, anafungiwa, anateswa, anatakiwa akiri njama. Wahakiki wengi husimama kwenye mateso, na wana haki, maana kurasa zile huwezi kuzisoma huku unakula.

Safari hii mimi nilikwama kwingine. Katika kuhojiwa kote kule, mwenye haki ya kuuliza ni mmoja tu. Hamza hana mtu wa upande wake, hata mmoja, wa kusema: jamani, huyu kosa lake nini hasa? Maumivu ya mwili yana mwisho, yakizidi mtu anazirai. Kukosa wa kukusemea hakuna mwisho.

Na hapo Shafi hatii chumvi. Kesi ya uhaini ilipofunguliwa 1973, washtakiwa walikuwa 81, na 18 kati yao, waliokuwa wameshikiliwa bara, walihukumiwa bila kuwepo. Mawakili hawakuruhusiwa. Mwanasheria Mkuu ndiye aliyeendesha mashtaka, na huyo huyo akatakiwa awasilishe utetezi wa watu anaowashtaki. Andika hivyo kwenye riwaya yako uone kama mhariri hatakwambia umezidisha!

Mtasema hayo ni ya zamani. Kweli, sasa ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 huku bara, na Zanzibar wana ya kwao ya 2018. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa. Wanaweza kumweleza mahabusu haki zake na kumtafutia wakili wa bure, ila wao wenyewe hawaruhusiwi kusimama mbele ya hakimu kama wakili. Kwa hiyo mawakili wakiwa wachache, foleni inabaki palepale. Nimekaa kwenye benchi la waandishi nikisikia "upelelezi haujakamilika" mpaka naweza kuitamka pamoja na mwendesha mashtaka. Kesi inatajwa, siku 14 zinaongezwa, karandinga linarudi. Hakuna aliyepigwa. Hamza angepatambua hata hivyo.

Ndiyo maana nina ugomvi kidogo na Shafi. Haini wake ni mtu wa siasa, ana maneno. Yule wa kuku wa jirani, au wa kete mbili za bangi, hayumo. Tena watesaji wamechorwa kwa mkaa mtupu. Ukatili wenye sura ya kishetani ni rahisi kuuchukia. Mgumu ni ule wa karani mpole anayetafuta faili asilipate.

Kitu kingine, cha pembeni. Zanzibar gereza linaitwa Chuo cha Mafunzo, na wafungwa wanaitwa wanafunzi. Jina zuri, na sikejeli: mfungwa anaweza kutoka na ufundi seremala au cherehani. Lakini mahabusu kwa kawaida hayumo kwenye mafunzo hayo, kwa sababu sheria inamhesabu hana hatia. Anakaa tu. Aliyehukumiwa anajua tarehe ya kutoka na anajifunza kazi, ambaye hajahukumiwa hana kimojawapo. Hiyo peke yake ni riwaya nzima, Shafi angeiweza.

Mwaka jana, nje ya mahakama moja, mama mmoja aliniona na daftari akadhani mimi ni wakili. Alikuwa na hotpoti ya wali mkononi. Nikamwambia, "Hapana mama, mimi mwandishi tu." Akaniuliza, "Sasa hao wa bure wanakaa wapi, mwanangu?" Nikamwelekeza ofisi ninayoijua, mabasi mawili kutoka pale. Akanihesabia nauli kwa vidole, kwenda na kurudi, kisha akakaa tena kwenye ngazi kusubiri karandinga.