Kuwasili Si Kusilimu: Uhakiki wa Khabari za Mwambao, kutoka Kilwa hadi Kimbiji

Historia ya Uislamu katika mwambao wa Tanzania imezoeleka kusomwa kupitia khabari, yaani masimulizi ya nathari kuhusu chimbuko la miji. Carl Velten alichapisha kadhaa mwaka 1907 katika Prosa und Poesie der Suaheli, zikiwamo za Kilwa na za Dar es Salaam ya zamani. Makala haya yanadai kuwa msomaji anayezichukua khabari hizo kuwa kumbukumbu za kuingia kwa dini huutwisha utanzu mzigo usio wake. Khabari husimulia kuwasili kwa ukoo, na lengo lake ni kuthibitisha haki.

Kisa cha Kilwa ni ushahidi wa kwanza. Mgeni wa Kishirazi anafika kwa jahazi, anakinunua kisiwa kwa nguo, na mtawala mwenyeji anahamia bara. Kiini cha kisa ni muamala: nani alitoa, nani alipokea, nani alibaki na ardhi. Hata hivyo, tarihi ya Kiarabu ya Kilwa inaeleza kuwa wageni hao walimkuta kisiwani Mwislamu aliyeitwa Muriri wa Bari, pamoja na msikiti. Matini inayotumiwa kuthibitisha kuwa Washirazi ndio walioleta Uislamu inakiri yenyewe kuwa uliwatangulia. Kwa msimulizi jambo hilo si mgongano, kwa kuwa hakukusudia kueleza asili ya imani.

Muundo huo unajirudia Mzizima. Washomvi wanajinasibisha na Barawa; wanaposhambuliwa na Wakamba wanaomba msaada wa Pazi Kilama wa Wazaramo, na ushindi unazaa mapatano ya ada. Mzaramo anaingia katika masimulizi akiwa mpiganaji na mwenye nchi. Dini yake ya awali haitajwi kwa uzito, wala siku aliyoiacha. Hapa ndipo Kimbiji, kijiji cha mwambao kusini mwa jiji kilichokuwa sehemu ya Temeke kabla ya Wilaya ya Kigamboni kuundwa, kinapodai nafasi yake. Kikisomwa kwa kipimo cha khabari peke yake, Uislamu wa wakazi wake huonekana kama kivuli cha wageni wa Mbwamaji au Kilwa, usio na historia yake.

Inaweza kupingwa kuwa khabari zina ukweli wake, na hoja hiyo ina nguvu. Uchunguzi wa vinasaba vya kale uliochapishwa mwaka 2023 ulibainisha kuwa, tangu takribani mwaka 1000, wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika katika miji ya pwani. Safari, basi, si ngano tupu. Lakini msikiti wa miti uliofukuliwa Shanga na Mark Horton ni wa karne ya 8. Nasaba na imani zilifika kwa mikondo miwili tofauti, na khabari ziliandika mmoja tu.

Athari ya kutotenganisha mikondo hiyo huonekana zaidi katika kipindi cha karibu. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1931, aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa, kisha akawa khalifa wa tarika ya Kadiria. Hakuwa na jahazi, wala kisiwa cha kununua, wala nasaba ya Shirazi au Barawa. Alikuwa na elimu na wanafunzi. Uislamu wa bara la pwani, Uzaramo ukiwamo, ulienea kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kazi ya walimu na tarika. Utanzu uliojengwa juu ya swali la nani alifika kwanza hauna mahali pa kumweka mtu kama huyo.

Kwa hiyo khabari zisitupwe. Zisomwe kama hati za madai. Historia ya kusilimu itafutwe katika silsila za tarika, vyuo vya Kurani na masimulizi ya familia za vijiji kama Kimbiji, ambako mwenyeji si mpokeaji wa ada tu, bali mrithi na mwenezi wa dini.