Land Cruiser 80 Iliyoinuliwa: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu Baada ya Kufunga Springi na Shokapu Mpya

Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80, iliyochukua nafasi ya mfululizo wa 60 kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, hubebwa na springi za koili kwenye magurudumu yote manne, ilhali mtangulizi wake alitumia springi za vyuma bapa. Ekseli zake zote mbili ni ngumu, maana yake gurudumu la kushoto na la kulia yamefungwa kwenye nyumba moja ya chuma. Mbele, mikono miwili mirefu huishika ekseli isisogee mbele wala nyuma, na chuma kimoja cha kukingama, kinachoitwa Panhard, huizuia isiende kando. Bodi ikiinuliwa milimita 50 kwa springi za dukani, kila chuma kinachounganisha ekseli na chesisi hubadili pembe yake. Ndiyo maana hitilafu nyingi hujitokeza mahali ambapo hapakufungwa spea mpya, na fundi anayeanza kwa kulaumu springi au shokapu huishia kufungua vitu vizima.

Uchunguzi huanza kwa futi kamba. Kimo hupimwa kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kwa sababu kipimo cha kutoka ardhini huchanganya kimo cha springi na ukubwa wa tairi pamoja na upepo wake. Gari huwekwa kwenye sakafu tambarare, bila mzigo, baada ya kuendeshwa kilomita chache ili springi zikae. Likilala upande mmoja, cha kwanza kutazamwa ni alama za springi. Uzito wa dereva, tangi la mafuta na betri haugawanyiki sawa, kwa hiyo springi za kushoto na za kulia huweza kutofautiana kwa urefu, na zikibadilishana nafasi gari huinama. Pili hutazamwa kama ncha ya koili imekaa sawasawa kwenye kikalio chake. Gari likiwa juu kuliko lilivyotarajiwa na gumu kama mkokoteni, mara nyingi kosa lilifanyika dukani: springi zilizotengenezwa kubeba bampa ya chuma, winchi na matangi ya ziada zimefungwa kwenye gari tupu.

Mlio wa kugonga hautafutwi kwa sikio peke yake. Lazima ijulikane unatokea wakati gani. Mlio mwepesi kwenye mashimo madogo na mwendo wa polepole huelekeza kwenye nati ya juu ya shokapu au bushi ya jicho lake la chini. Nati hiyo ikilegea, shokapu hucheza. Ikikazwa kupita kiasi, bushi husagika na mlio hurudi baada ya muda mfupi. Mlio mmoja mzito gurudumu linapodondoka kwenye shimo refu huonyesha shokapu fupi iliyofika mwisho wa kunyooka. Pigo kali gari linapotua baada ya tuta huonyesha kinyume chake: shokapu ndefu mno, inayofika mwisho wa kufunga kabla ekseli haijagusa mpira wa kugotea. Hili la mwisho ndilo la hatari zaidi, maana shokapu hugeuka kuwa nguzo na kuvunja kikalio chake. Huthibitishwa kwa kuondoa springi, kuinua ekseli kwa jeki hadi iuguse mpira, kisha kupima nafasi iliyobaki kati ya vikalio viwili vya shokapu. Nafasi hiyo lazima izidi urefu wa shokapu iliyofungwa kabisa.

Baadhi ya kelele huzaliwa siku ya kufunga. Shokapu ya mirija miwili iliyohifadhiwa ikiwa imelazwa huingiwa na hewa katika mrija wa ndani, nayo hupiga na kuchelewa kushika hadi isimamishwe wima na kusukumwa na kuvutwa mara kadhaa. Ufito wake uliong'arishwa ukishikwa kwa koleo hupata mikwaruzo inayokata sili, na baada ya wiki chache mafuta huanza kuchuruzika. Unyevu mwembamba karibu na sili si ugonjwa. Mafuta yanayotiririka hadi chini ndiyo ugonjwa. Bushi za mpira za mikono nazo hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa ekseli ikining'inia, mpira hubaki umesokoteka muda wote gari likiwa barabarani, na huchanika mapema. Bushi za poliurethani ngumu hazisokoteki kwa namna hiyo kwa kuwa huzunguka kwenye bomba lake, lakini zikikosa grisi inayozifaa hulia kama mlango mkavu.

Hitilafu nyingine ya kawaida ni gari kutangatanga: usukani unakuwa mwepesi, haurudi wenyewe baada ya kona, na dereva hulazimika kusahihisha njia kila mara. Chanzo ni kasta, yaani mwinamo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka likipigwa kona. Kwa kimo cha kiwandani kasta ya gari hili ni karibu nyuzi 3. Bodi ikipanda milimita 50, mikono ya mbele huizungusha ekseli na sehemu kubwa ya nyuzi hizo hupotea. Kubadili shokapu hakusaidii kitu hapa. Dawa ni bushi zenye tundu lisilo katikati, au mikono na vibao vyenye matundu yaliyohamishwa. Panhard nayo, kwa kuwa imesimama wima zaidi, huivuta ekseli kando kwa milimita chache, na usukani hukaa umepinda gari likienda moja kwa moja. Hilo hurekebishwa kwa urefu wa fito za usukani, kisha gari hupelekwa kupimwa alaimenti.

Tiba ya kasta huleta tatizo lake. Nyumba ya ekseli na vikalio vya magurudumu ni kitu kimoja, kwa hiyo kurudisha kasta ni kuinamisha pua ya difu pia, na propela ya mbele hupinda zaidi. Kwenye magari yanayosukuma magurudumu manne wakati wote, propela hiyo haipumziki, na mtetemo husikika sakafuni. Kipimo cha uhakika ni kuifungua propela ya mbele, kufunga difu ya kati, na kuendesha umbali mfupi. Mtetemo ukitoweka, mkosaji ni pembe ya propela au viungo vyake. Ukibaki, matairi na rimu ndiyo yanayofuata kuchunguzwa.

Mtikisiko mkali wa usukani baada ya kukanyaga shimo ni jambo tofauti. Kasta ndogo huufungulia njia, lakini kinachoulisha ni ulegevu: beringi za mhimili wa gurudumu, bushi za Panhard, au ncha za fito za usukani. Gurudumu huinuliwa na kutikiswa juu na chini huku msaidizi akikanyaga breki. Mchezo ukiisha, beringi ya habu imelegea. Ukiendelea, ulegevu uko kwenye beringi za mhimili. Shokapu ya usukani iliyo mpya huuficha mtikisiko huo bila kuuponya.

Breki hukaguliwa mwisho, ingawa huathiri usalama kuliko vyote. Magari yenye vali inayopima mzigo kwa mkono uliounganishwa na ekseli ya nyuma huhesabu kimo kipya kama gari tupu, na breki za nyuma hupunguziwa nguvu. Kikalio cha mkono huo hurekebishwa kwa kiasi ambacho bodi imepanda. Mipira ya breki nayo hutazamwa ekseli ikiwa imening'inia kabisa. Ikivutika, hubadilishwa kwa mirefu zaidi.

Spea yenyewe hushukiwa pale tu vipimo hivi vyote vimekwisha na kosa bado lipo: springi iliyoshuka upande mmoja baada ya miezi michache, au shokapu inayovuja bila mkwaruzo kwenye ufito. Boliti zote hukazwa upya baada ya kilomita 500 hadi 1,000, na kimo hupimwa tena ili kilinganishwe na kile cha siku ya kwanza.