Mfuko Ulio Chini ya Goti

Fundi cherehani akikupima suruali hukusimamisha wima, na mifuko anayoipanga huwa ya mtu aliyesimama: ya kiunoni kwa mikono inayoning'inia, wa nyuma kwa pochi, na ukishona na shati, wa kifuani kwa kalamu. Sasa mfunge mtu huyo mikanda kwenye kiti chembamba, mkono mmoja uwe kwenye usukani na mwingine kwenye wenzo wa mafuta ya injini, halafu mwambie atoe ramani. Mfuko wa kiunoni umebanwa na mkanda na mkunjo wa nyonga, wa nyuma ameukalia, na wa kifuani umelaliwa na mkanda wa bega. Nguo ya rubani iliyofaulu katika historia ni ile iliyopimwa mvaaji akiwa ameketi, na mimi naihesabu kuwa kifaa cha ndege sawa na kiti chenyewe.

Wa kwanza ninayemwona alilielewa jambo hili vizuri ni Sidney Cotton, Mwaustralia aliyerusha ndege katika kikosi cha anga cha jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Majira ya baridi ya 1916 alibaini kwamba ovaroli yake ya kutengenezea injini, iliyolowa mafuta na grisi, ilimkinga na baridi ya angani kuliko mavazi ya wenzake. Akapeleka wazo hilo kwenye duka moja la London, na mwaka 1917 ikapatikana nguo ya kipande kimoja iliyoitwa Sidcot: manyoya ndani, hariri isiyopitisha hewa katikati, kitambaa chepesi cha Burberry nje. Wanaoisimulia wengi huishia kwenye joto. Kwangu la maana zaidi ni kwamba Cotton aliweka mifuko mirefu chini kidogo ya magoti. Kwa mtu aliyesimama, hapo ni mahali pa ajabu, inabidi uiname kama unayefunga kamba za viatu. Ukiketi, goti linapanda na mguu unakuja mbele. Mkono ukishuka kidogo tu kutoka pajani umeshafika, na macho hayajaacha kutazama nje.

Ulinganishe na koti la ngozi la A-2, lililoidhinishwa na jeshi la anga la Marekani mwaka 1931. Ni koti zuri mno, hata leo linavaliwa na watu ambao hawajawahi kugusa usukani. Lakini mifuko yake miwili ya nje imekaa chini, karibu na kiuno, mahali palepale ambapo mikanda ya kiti na ya parachuti hukutana. Lilimfaa rubani akitembea uwanjani kuliko akiwa kazini. Koti la nailoni la MA-1 la miaka ya 1950 lilisahihisha kwa njia moja ndogo: mfuko wenye zipu na vishikio vya kalamu ukahamishiwa kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Hapo hakuna mkanda unaopita, na mkono wa kulia, ambao wengi huandikia, unaufikia kwa kuvuka kifua tu.

Ovaroli ya CWU-27/P ya jeshi la Marekani ilikusanya masomo hayo yote. Imeshonwa kwa Nomex, kitambaa kilichobuniwa na kampuni ya DuPont, ambacho kikishikwa na moto huungua na kuwa mkaa bila kuyeyuka na kugandia ngozi kama nailoni. Zipu ya mbele hufunguka kutoka juu na kutoka chini. Mifuko ya kifuani imekatwa mshazari, kalamu ziko mkono wa kushoto, mingine iko mapajani na chini ya magoti, kama alivyopanga Cotton. Ndani ya paja la kushoto kuna mfuko mwembamba wa kisu cha kukatia kamba za parachuti, nacho hufungwa kwa ugwe ili kikimponyoka mwenyewe kisipotee. Ukiutazama ugwe huo, utaona mshonaji alimfikiria mtu ambaye vidole vyake vimeshaanza kufa ganzi.

Tatizo la kitu kilichoachwa huru lilionekana wazi tarehe 9 Februari 2014. Ndege ya Voyager ya jeshi la anga la Uingereza ilikuwa juu ya Bahari Nyeusi ikielekea Afghanistan. Kamera ya rubani ilikuwa kati ya egemeo la mkono na kijiti cha usukani. Kiti kiliposogezwa mbele, kamera ikakisukuma kijiti. Ndege ikaporomoka futi 4,400 kwa sekunde 27, na waliokuwa hawajafunga mikanda wakarushwa darini. Mtu atasema hakuna mfuko wa ovaroli unaoingia kamera kubwa. Kweli, na ndiyo maana mfuko ni kipimo kizuri: kisichotoshea mahali penye kifuniko hakina ruhusa ya kukaa karibu na usukani.

Pingamizi zito zaidi ni la kishikwambi. American Airlines iliacha mikoba ya ramani za karatasi ilipokamilisha kuhamia kwenye vishikwambi mwaka 2013. Mkoba ulioondolewa ulikuwa na uzito wa kilo 16 hivi. Basi mifuko ya nini tena? Ila Aprili 2015 programu ya vishikwambi hivyo iligoma na safari kadhaa zikachelewa, na ndege zilikuwa bado ziko chini. Isitoshe, katika ndege ndogo kishikwambi chenyewe hufungwa pajani kwa mkanda, kwa hiyo kinaziba mfuko wa paja, na kalamu na karatasi za akiba zinazidi kuhitaji mahali pengine.

Wapo pia wanaosema mifuko mingi ni vurugu iliyofunikwa zipu. Nakubaliana nao nusu. Mfuko usio na kazi maalumu hujaa risiti na funguo, na mkono unaopapasa ni mbaya kuliko mkono mtupu. Ovaroli nayo ina adha zake: ina joto, na kwenda chooni nayo ni shughuli. Simtarajii rubani wa shirika kubwa aivae. Ana meza, ana droo, ana mwenzake wa kushika usukani.

Hali si hiyo kwa rubani wa Cessna Caravan anayetua viwanja vya changarawe Serengeti au Masai Mara, mara nyingi peke yake, hewa ya mchana ikimtikisa. Amevaa shati jeupe lenye alama za cheo mabegani, mtindo uliorithiwa kwa mabaharia, na kalamu yake iko kifuani chini ya mkanda; akiinama, inaweza kudondoka penye pedali. Shati libaki, abiria wanalipenda. Suruali ndiyo iongezewe mfuko mmoja wa pajani wenye zipu, upimwe mwenyewe akiwa kitini na mikanda imefungwa.